Seti ya klachi ya pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu: tathmini, pamoja na vipimo vya kufanya kabla ya kuinunua

Seti ninayoitathmini hapa ni ya kubadilishia kwenye injini za silinda moja zinazofungwa katika pikipiki nyingi za mizigo za magurudumu matatu, yaani zile ambazo injini imekaa chini ya dereva na nguvu yake hupelekwa nyuma kwa propela shafti (mhimili mrefu unaozunguka) hadi kwenye difu, kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Imetengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na chombo nilichoifungia kimerudi kupanda mlima kikiwa na shehena bila injini kupiga kelele za bure. Hata hivyo, kisanduku chake kimeandikwa kwamba kilichomo ndani ni tiba ya chombo kinachoteleza, bila kutaja kwamba kwenye magurudumu matatu klachi ni sehemu moja tu kati ya kadhaa ambazo nguvu inaweza kupotelea. Anayenunua kwa kuamini maandishi hayo anaweza kufunga pleti mpya (sahani za klachi zinazobanana ili kupitisha nguvu), akabaki na tatizo lilelile. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu namna ya kuhakikisha kwamba klachi ndiyo yenye kosa.

Kwanza itenganishwe hali ya kuteleza na hali ya kukosa nguvu, kwa kuwa madereva huzieleza zote mbili kwa maneno mamoja: chombo hakivuti. Klachi inapoteleza, mzunguko wa injini hupanda na mwendo haupandi. Injini inapokuwa dhaifu, au breki za nyuma zinapokuwa zimeshikilia drami (ngoma ya breki kwenye gurudumu), mzunguko wenyewe hukataa kupanda hata ukifungua mafuta yote. Breki zinazoshikilia ni jambo la kawaida kwenye vyombo hivi, kwa sababu breki za nyuma ni mbili, marekebisho yake mara nyingi hayalingani, na breki ya mkono huachwa ikiwa imekazwa kidogo bila mtu kutambua. Ukigusa drami zote mbili baada ya safari fupi na kukuta moja ina joto kali kuliko nyingine, basi weka pesa ya klachi mfukoni kwanza.

Chombo cha kupima mwendo nacho kinaweza kusaidia au kupotosha, ikitegemea mahali kinapochukulia taarifa zake. Kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, kinaonyesha mwendo halisi wa barabarani, na tofauti kati yake na sauti ya injini inakuambia kwamba nguvu imepotea mahali fulani njiani, ingawa hakikuambii ni wapi. Kama kinachukua taarifa kwenye shafti inayotoka giaboksi, kitaendelea kupanda ikiwa nguvu inapotelea baada ya giaboksi, na kitabaki nyuma ikiwa inapotelea kwenye klachi. Kwa hiyo dereva ambaye mshale wake unapanda huku chombo kikisuasua ana sababu nzuri ya kuanza uchunguzi nyuma, kwenye difu na ekseli (mihimili inayozungusha magurudumu ya nyuma), na si mbele kwenye klachi. Ni ajabu kwamba taarifa hii inayopatikana bila kufungua hata boliti moja hupuuzwa na mafundi wengi.

Jaribio la barabarani lifanyike injini ikiwa imepata joto na chombo kikiwa na mzigo wa kawaida, kwa kuwa klachi inayoanza kuchoka hushika vizuri ikiwa baridi na bodi ikiwa tupu. Ukiwa katika gia ya tatu au ya juu zaidi, kwa mwendo wa wastani kwenye mwinuko, fungua mafuta kwa nguvu. Klachi inayoteleza hutoa dalili laini: sauti ya injini hupaa bila mshtuko wowote, mwendo hufuata polepole, na ukipunguza mafuta kidogo viwili hivyo hukutana tena. Hakuna kishindo wala mruko. Ukisikia kishindo, mkwaruzo au mpigo unaojirudia, tatizo linaelekea kuwa kwenye meno ya aina fulani, yawe ya gia, ya splaini (mifereji yenye meno kwenye ncha za shafti na ekseli) au ya mnyororo. Tofauti hii ya ulaini na kishindo ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu pleti za msuguano hazina meno ya kuruka pale zinapoteleza juu ya zenzake.

Meno ya kushikia gia yakiisha kona zake, gia hutoka yenyewe chini ya mzigo, injini hupaa ghafla kana kwamba iko huru, kisha pengine hurudi kwa kishindo. Dalili hiyo hujitokeza kwenye gia moja au mbili tu, ilhali klachi mbovu huteleza katika gia zote na huteleza zaidi katika za juu, ambako injini inakosa msaada wa uwiano wa gia. Kwenye vyombo vingi vya mizigo kuna pia kisanduku cha pili chenye gia ya kurudi nyuma, na pengine gia nzito na nyepesi, kinachoendeshwa kwa kijiti cha pembeni. Kijiti hicho kisipoingia hadi mwisho, kwa sababu ya udongo kwenye viungo vyake au fito iliyopinda, gia ya ndani hushika nusu ya meno na kuachia mzigo unapozidi. Kukirekebisha ni kazi ndogo.

Difu inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo magurudumu matatu yanapoachana kabisa na pikipiki ya kawaida. Difu ya wazi hugawa nguvu kwa usawa kwenye ekseli mbili, na haiwezi kulipatia gurudumu moja nguvu kubwa kuliko ile ambayo gurudumu la upande wa pili limeweza kuipokea. Matokeo yake ni kwamba ekseli moja ikikatika, au splaini zake zikisagika, chombo kizima hukosa mvuto ingawa ekseli ya upande wa pili ni nzima. Injini inapaa, gia imeingia, propela shafti inazunguka, na chombo kimesimama palepale. Kwa dereva aliyezoea pikipiki ya magurudumu mawili, hali hiyo inafanana kabisa na klachi iliyokufa.

Kuichunguza kunahitaji jeki, vizuizi imara na chaki. Zima injini, zuia gurudumu la mbele lisisogee, inua magurudumu yote mawili ya nyuma na kuyaegemeza kwenye viegemeo visivyoweza kuanguka, kisha legeza breki ya mkono na uingize gia ya kwanza. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Katika difu nzima, gurudumu la pili litazunguka kuelekea upande ulio kinyume, kwa kuwa injini imezuia propela shafti isisogee. Kama gurudumu unalolizungusha linakwenda huru na la pili halijatikisika, mawasiliano kati yao yamekatika, na mahali pa kutazama ni ekseli, splaini na gia ndogo za ndani ya difu. Kisha mshirikishe mtu wa pili, zungusheni magurudumu yote mawili kuelekea upande mmoja na mkazie macho propela shafti. Ikizunguka pamoja nanyi huku gia ikiwa imeingia na injini haisogei, upungufu uko mbele, kwenye klachi au giaboksi. Isipozunguka kabisa huku magurudumu yakizunguka, upungufu uko ndani ya difu.

Kipimo hicho cha mkono hunasa kilichokatika kabisa, lakini splaini zilizosagika nusu hushika kwa nguvu ya mkono na kuachia kwa nguvu ya injini. Hapo ndipo chaki inapofaa. Chora mstari mmoja ulionyooka unaopita juu ya ncha ya ekseli hadi kwenye kikombe cha gurudumu, na mwingine kwenye kila kiungo cha propela shafti, kisha endesha chombo kikiwa na mzigo na urudi kutazama. Mstari uliovunjika vipande viwili visivyotazamana unaonyesha mahali panapoteleza kwa uhakika ambao hakuna sikio la fundi linaloufikia. Kwa vyombo vinavyotumia mnyororo badala ya propela shafti, tazama pia meno ya sproketi: yakiwa yamelala upande mmoja na mnyororo unaweza kuvutwa ukaachana nayo kwa nyuma, ule mruko unaosikika wakati wa kuondoka umejieleza.

Baada ya hayo yote kuonekana mazima, klachi sasa inastahili kushukiwa, lakini bado si kufunguliwa. Mkono wa klachi lazima uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta, na kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kati ya milimita 10 na 20 zikipimwa kwenye ncha ya mkono. Pleti zinapoisha unene, pleti ya kukandamiza husogea ndani na ulegevu huo hupungua badala ya kuongezeka, hadi waya unabaki umekaza wakati wote na kuifungua klachi nusu bila dereva kuugusa. Klachi ya namna hiyo huteleza kwa kosa la waya tu, na ikiachwa hivyo huziunguza pleti zilizokuwa bado na maisha. Waya uliopinda kwenye shingo ya usukani, au uliokatika nyuzi ndani ya ala yake, huleta hali hiyohiyo kila usukani unapokatwa upande mmoja.

Oili nayo isisahaulike. Klachi hizi hufanya kazi zikiwa zimelowa oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zimewekewa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Viambato hivyo ni vibaya kwa pleti ambazo kazi yake yote ni msuguano. Kiwango cha Kijapani cha JASO T 903 kiliwekwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya tatizo hilo hasa: oili yenye alama ya MA inafaa klachi zilizolowa, yenye alama ya MB ina msuguano mdogo na haifai, na tangu mwaka 2006 alama ya MA imegawanywa kuwa MA1 na MA2, ambapo MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. Chombo kilichoanza kuteleza mara tu baada ya kubadilishwa oili kibadilishwe oili tena kabla ya kitu kingine chochote, ingawa pleti zilizokwisha kunywa viambato hivyo hazirudi zote katika hali yake.

Chombo changu kilipita vipimo vya nyuma, ulegevu wa mkono ulikuwa sahihi, oili ilikuwa ya MA2, na bado injini ilipaa kwa ulaini ule niliousimulia. Nilipofungua ubavu wa injini, ushahidi ulikuwa wazi. Pleti za chuma zilikuwa na madoa ya buluu, rangi inayotokea chuma kinapopata joto kali kupita kiasi, na mbili kati yake zilipolazwa juu ya kioo zilicheza kwenye kingo. Pleti za msuguano zilikuwa zimeng'aa na kuwa nyembamba kuliko kikomo cha kitabu cha injini. Katika injini nyingi za aina hii pleti mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na upungufu wa sehemu chache za kumi za milimita kwa kila pleti unatosha kuondoa mkazo wa springi. Kila mwenye chombo azingatie takwimu za kitabu cha injini yake mwenyewe, maana injini zinazofanana kwa nje hutofautiana kwa idadi na unene wa pleti.

Sasa nikirudi kwenye seti yenyewe, ilikuja na pleti 6 za msuguano, 5 za chuma, springi na gasketi ya ubavu. Kilichonifurahisha zaidi ni springi. Nilizipanga wima juu ya meza tambarare, na zote zilikuwa na kimo kimoja. Kwa bidhaa za kubadilishia hilo si jambo dogo, kwa sababu springi zisizolingana hukandamiza pleti kwa kuinamisha upande mmoja na kuzifanya ziishe kama kabari. Springi za zamani zilikuwa fupi kuliko mpya, jambo linaloonyesha kwamba anayenunua pleti peke yake ili kuokoa gharama anaacha nusu ya ugonjwa ndani. Ninaipongeza seti hii kwa kuziweka pamoja.

Pleti za msuguano zilipimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, zikakutwa na unene unaolingana isipokuwa moja iliyozidi kidogo, tofauti ambayo haikuleta shida baada ya kufungwa. Gundi ya vipande vya msuguano ilikuwa safi bila matone yaliyomwagika kwenye mifereji ya oili. Masikio ya pleti yaliingia kwenye hausingi (kikapu cha klachi kinachobeba pleti) bila kulazimishwa na bila kucheza kupita kiasi. Pleti za chuma zilikuwa tambarare, zikiwa na ukingo mmoja mkali na mwingine wa mviringo kama ilivyo kawaida ya chuma kilichokatwa kwa mashine, na inafaa kuzielekeza zote upande mmoja. Gasketi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Karatasi yake ni nyembamba, matundu mawili hayakukaa sawasawa na boliti, na nisingemshauri mtu aifunge wakati anaweza kupata nyingine. Kwa bidhaa iliyojitahidi kwenye springi, uzembe huo wa gasketi haueleweki.

Udhaifu mkubwa zaidi ni karatasi ya maelekezo, ambayo ina picha moja ndogo ya mpangilio wa pleti na hakuna kingine. Haisemi kwamba pleti za msuguano ziloweshwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa, ingawa pleti kavu huungua uso wake katika dakika za mwanzo. Haisemi kwamba boliti za springi zikazwe kwa mzunguko wa kupishana, kidogo kidogo, na si moja hadi mwisho kisha nyingine, wala haitaji kiasi cha kuzikaza, na boliti hizo ndogo hukatika kwa urahisi mkononi mwa mtu mwenye spana ndefu. Haimtahadharishi mnunuzi kwamba katika baadhi ya injini nati ya katikati ina mapengo manne na inahitaji soketi maalumu yenye meno. Wanaoigonga kwa patasi huharibu nati na pengine beringi iliyo nyuma yake. Wala haimwambii achunguze vidole vya hausingi. Vyangu vilikuwa na alama ndogo tu za pleti za zamani. Alama zikiwa na kina, pleti mpya hunasa ndani yake, klachi inashindwa kuachia vizuri na gia huingia kwa kugonga, kisha lawama zote huishia kwa seti.

Kuhusu utendaji, sina lalamiko. Mwanzoni klachi ilishika kwa ukali kidogo wakati wa kuondoka, hali iliyotulia pleti zilipozoeana. Springi mpya zimeufanya mkono wa klachi kuwa mzito zaidi, na dereva anayesimama na kuondoka mara nyingi katika msongamano ataliona hilo kwenye kiganja jioni. Nimeendesha na bodi ikiwa imejaa, juani, kwenye miinuko ambayo hapo awali ililazimu kushuka hadi gia ya pili, na sauti ya injini sasa inakwenda sambamba na mwendo. Jaribio la kusimama nalo limetoa jibu zuri: breki zikiwa zimekanyagwa imara na gia ya tatu ikiwa ndani, kuachia mkono wa klachi taratibu kunaizima injini papo hapo, badala ya kuiacha ikizunguka. Jaribio hilo lifanywe mara moja na kwa muda mfupi sana, kwa kuwa kwenye klachi mbovu kila sekunde yake inaunguza pleti.

Wapo wasiopaswa kuitazama seti hii kabisa. Magurudumu matatu yanayotumia mkanda wenye puli za kubadilika kipenyo, kama Piaggio MP3 na Can-Am Ryker, huteleza kwa sababu tofauti: mkanda uliopungua upana au uliong'aa ubavuni, puli zenye mikwaruzo, au, kwenye zile za aina ya skuta, viatu vya klachi ya kani ya mzunguko vilivyoisha. Huko oili ni adui, kwa maana mkanda hufanya kazi ukiwa mkavu, na sili inayovuja ndani ya kasha lake yatosha kuleta mtelezo. Wenye vyombo vya abiria ambavyo injini, giaboksi na difu vimeunganishwa nyuma kuwa kitu kimoja nao watafute seti ya injini yao, ingawa vipimo vya jeki na chaki vinawahusu vilevile.

Kwa aliyekwisha kuthibitisha kwamba klachi ndiyo yenye kosa, ninaipa seti hii alama 4 kati ya 5, ambapo alama iliyokosekana ni ya gasketi na maelekezo. Akishaifunga, arudi kupima ulegevu wa mkono baada ya safari za mwanzo zenye mzigo, kwa sababu pleti mpya hukaa na waya hubadilika urefu wake wa kazi, na oili ya kwanza imwagwe mapema kuliko kawaida ili kuondoa vumbi la msuguano linalotoka pleti zinapozoeana.